Hakuna mtawala aliyeogopa wimbo, wanachoogopa ni uwanja: kutoka beni mpaka kigodoro (uzi mrefu)

Mtunza Kanda (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Kwenye ule uzi wa kufungia nyimbo naona watu bado wanarushiana maneno: wimbo una nguvu, wimbo hauna nguvu, msanii kioo cha jamii, msanii mpiga debe. Mjadala mtamu, ila wote mmeng'ang'ania mashairi. Shairi likiwa daftarini halimtishi hata mjumbe wa nyumba kumi. Hoja yangu, na nitaitetea hapa mpaka mchoke, ni hii: muziki unaigeuza jamii pale watu wanapousherehekea hadharani, wamesimama pamoja, kila mtu anaona nani kainuka na nani kabaki kwenye kiti. Uwanja ndio unaoupa wimbo meno. Na wenye mamlaka wanalijua hilo kutuzidi, tangu enzi za Mjerumani.

Asiye na bando la kutosha apite tu, uzi ni mrefu.

Naanza na beni, ile ngoma ya gwaride na matarumbeta, maana vijana wengi humu wanadhani historia ya muziki wetu ilianza na kanda za miaka ya tisini.

Beni ilizuka pwani ya Kenya, Mombasa na Lamu, miaka ya 1890. Watu walikuwa wameona bendi za wanajeshi na mabaharia wa Kizungu zikipita na matarumbeta. Wakatafuta matarumbeta yao, wakatafuta ngoma kubwa, wakashona sare, wakajipanga mistari, wakapeana vyeo. Kingi yupo, majenerali wapo, makapteni wapo. Mtu mchana ni kuli bandarini, anabeba magunia na kufokewa na msimamizi; jioni ni jenerali, ana mkanda kiunoni, mtaa mzima unampisha. Na mji ukagawanyika pande mbili. Mombasa kulikuwa na Kingi na Skochi. Huku Tanganyika makundi makubwa yakawa Marini na Arinoti. Marini walijiona ndio wenye mji, makarani na watu wa ukoo. Arinoti wengi wao walikuwa vibarua na wageni waliotoka bara. Pande hizi zilishindana kwa sare, kwa gwaride, kwa nyimbo za kusutana na kwa karamu. Hapo kwenye karamu watu walikuwa tayari kufilisika, ilimradi wenzao waonekane wachovu.

Vita ya 1914 mpaka 1918 ndiyo iliyoisambaza. Maaskari na wapagazi wa pande zote mbili waliibeba beni mpaka bara kabisa, ikafika Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini, yaani Malawi na Zambia za leo. Sasa angalieni hapa. Kijana anashuka Tabora hana anayemjua. Anauliza wenzake wa beni wanakaa wapi. Anapata pa kulala. Akiugua kuna wa kumtazama, akifa kuna wa kumzika. Hicho si kikundi cha ngoma tena, ni mtandao unaovuka makabila na mipaka ya koloni, na hakuna mkuu wa wilaya aliyeuanzisha. Ndipo maofisa wa Kiingereza wakaanza kuandikiana barua: hawa watu wanacheza, au kuna jambo wanapanga?

Jibu la swali lao lilikuja 1935 kule Copperbelt, Zambia ya leo. Serikali ilipandisha kodi ya kichwa kwenye miji ya migodi kutoka shilingi 12 na peni 6 mpaka shilingi 15. Wachimbaji walianza mgomo Mufulira, ukaenda Nkana, ukafika Luanshya, na huko polisi walipiga risasi watu wakafa 6. Hawakuwa na chama cha wafanyakazi. Tume iliyochunguza ikajikuta inahoji habari za "mbeni", kwa sababu watu waliozoea kukutana kwa ajili ya ngoma ndio hao hao waliokuwa wakipelekeana taarifa za mgomo. Hakuna aliyegoma kwa sababu ya wimbo. Waligoma kwa sababu ya kodi. Ila walijuana uwanjani.

Nakunywa maji kidogo, naendelea na Siti.

---

Jirani wa Mburahati

Nimewahi siti ya mbele. Mkuu endelea, ila usije ukaniambia nililie ngoma za babu zangu wakati mimi nimezaliwa na singeli.

---

Mzito Kufikiri

Mwanzisha uzi, hapo kwenye mgomo umejijibu mwenyewe. Kodi ndiyo iliyowagomesha. Wangekuwa na timu ya mpira ungetuambia mpira ndio uliogomesha?

---

Mtunza Kanda

Mkuu, ingekuwa timu ya mpira ningesema hivyo hivyo bila aibu. Mpira nao unakusanya watu. Tofauti ni kwamba uwanja wa mpira watu 22 wanacheza na wengine wanatazama, kwenye beni kila aliyekuja ana cheo na ana kazi. Kuna anayeshona sare, kuna anayetunza hazina, kuna anayepeleka barua kwa tawi la mji mwingine. Watu walijifunza kujiongoza kabla hawajaruhusiwa kujiongoza.

Haya, Siti binti Saad, mwimbaji wa taarab. Stori yake wengi mnaijua kwa juu juu: alizaliwa Fumba, Unguja, mnamo 1880, jina la utotoni Mtumwa, alikuwa akiuza vyungu, akahamia mjini mnamo 1911, na 1928 kampuni ya His Master's Voice ikampeleka Bombay kurekodi santuri. Kila makala ikifika Bombay inashangilia na kufunga pazia. Santuri ni heshima kubwa, sibishi. Ila mimi naona jambo zito zaidi lilikuwa likitokea nyumbani kwake Ng'ambo.

Kabla yake taarab ilikuwa mali ya jumba. Sultani Barghash ndiye aliyemtuma mtu Misri akajifunze, na nyimbo ziliimbwa kwa Kiarabu mbele ya watu waliokaa kwa adabu zao. Siti na wenzake wakaimba Kiswahili, na wakaimba upande wa mji ambao waungwana hawakutaka kukanyaga wakiwa wameoga. Ng'ambo ilikuwa ya watu waliotoka utumwani, wachukuzi, mafundi, wanawake waliopanga vyumba vyao wenyewe. Usiku watu wanakusanyika barazani. Mchana umepita na mambo yake: tajiri kamdhulumu mtu, mume kampiga mke, kesi imeamuliwa ovyo. Usiku yale mambo yanarudi kwa sauti na zeze. Mfano ni ule wimbo wa Kijiti, mtu aliyeua mwanamke mgeni kutoka Dar es Salaam. Mji ulimwimba kwa jina lake. Mtu asiyejua kusoma, asiyeweza kulipa wakili, asiyeelewa Kiingereza cha mahakamani, alikuwa na mahali ambapo kesi inasikilizwa mara ya pili, na majaji ni yeye na majirani zake.

Na kwamba jambo hilo liliwauma wakubwa tunalijua kwa matusi waliyomwimbia. Walimkejeli kwamba alikuja mjini na kaniki tu, kama si sauti angekula nini. Naye akawajibu palepale, kwa wimbo, kwamba sura na ukoo si hoja, hasara ya mtu ni kukosa akili. Tazameni mahali pa ugomvi wenyewe: hakuna aliyempeleka mwenziwe polisi, wamepelekana mbele ya watu. Siti alifariki 1950 na mpaka leo tunajua nani alishinda.

---

Mwana Makorora

Shikamooni wakubwa zangu, wadogo marahaba. Mimi mwanamke wa Tanga, na kwenye taarab mwanzisha uzi umepita kama gari la mwendokasi. Umesahau kutuza! Bila kutuza hiyo hoja yako ya uwanja haina miguu.

Ngoja niwaeleze wanaume ambao mkija taarabuni mnakaa nyuma na soda.

Mwimbaji anaimba mafumbo. Hamtaji mtu. Sasa mwanamke ana lake moyoni. Hainuki ubeti wa kwanza, hainuki wa pili, anasubiri ubeti *wake*. Ukifika, anasimama polepole, anatengeneza mtandio, noti kaikunja kwa urefu kaibana kati ya vidole viwili. Anaelekea jukwaani kwa kucheza, lakini hapiti njia ya mkato. Anazunguka mpaka mbele ya meza ya yule anayemlenga. Hapo anashusha bega, au anageuza shingo, au ananyoosha ile noti juu ya vichwa vya watu kama anayeonyesha njia. Kisha ndiyo anampelekea mwimbaji. Hajasema neno. Ukimuuliza atakwambia "mie nimeupenda wimbo tu, kwani vipi?" Na aliyelengwa hana pa kulalamikia. Akinuna amejitangaza. Akikaa kimya amekubali. Dawa yake ni kusubiri wimbo mwingine naye ainuke.

Nilishuhudia harusi moja, mama mmoja wa mtaani kwetu alikuwa mshika fedha wa mchezo wetu wa kila wiki, na zamu za watu watatu zilikuwa zimeyeyukia mkononi mwake. Tulishamfuata nyumbani, tulishapeleka kwa balozi, maneno tu. Siku ile bendi ikaingia kwenye wimbo wa kusema mtu aliyekula amana. Akainuka wa kwanza, akapita mbele ya meza yake. Hajafika jukwaani, akainuka wa pili. Wa tatu alipoinuka ukumbi mzima ulikuwa unapiga vigelegele, hata watu wa upande wa bwana harusi ambao hawakujua kisa. Yule mama alikuwa na kitambaa cha jasho, akakikunja akakikunjua mpaka wimbo ukaisha. Pesa za watu zikaanza kutoka kabla mwezi haujaandama.

Wimbo ule tulikuwa nao wote kwenye kanda, unapigwa kila siku jikoni kwake na kwetu. Kwenye kanda haukumlipisha mtu.

---

Mtunza Kanda

Dada Makorora, umenimalizia uzi. Hiyo sentensi yako ya mwisho ndiyo hoja yangu yote, mimi nimezunguka mpaka Zambia kuitafuta.

Niongeze tu kwamba Tanga yenu ndiyo iliyotuletea taarab ya magitaa, Black Star na Lucky Star, wimbo ukawa mwepesi kuucheza, na kwa hiyo mwepesi kuutuza. Halafu miaka ya tisini ikaja mipasho ya vikundi vya Muungano na TOT (Tanzania One Theatre). TOT ilianzishwa 1992, mwaka ule ule nchi iliporudi kwenye vyama vingi, na ilikuwa ya CCM. Msiniambie ilikuwa bahati mbaya. Waliokuwa na chama walishaelewa kwamba ukimiliki jukwaa ambalo mwimbaji kama Khadija Kopa anasimama, umati huhitaji kuuita.

---

Babu wa Sinza

Vijana mnasoma vitabuni, wengine tulikuwepo. Nami niseme la dansi.

Mwezi Januari 1969 ilianza Operesheni Vijana. Vimini, mawigi, suruali za kubana, vyote haramu, na vijana wa TANU Youth League wanakusimamisha njiani kukagua. Novemba mwaka huo huo muziki wa soul ukapigwa marufuku Dar es Salaam. Sasa mimi nilikuwa na sahani mbili za James Brown chumbani. Hakuna aliyekuja kuzichukua. Nilizipiga usiku kwa sauti ya chini, mwaka ukaisha, mwingine ukaingia. Kilichokufa ni madansa yetu, yale ya alasiri ambayo wanafunzi wa kike na wa kiume walikuwa wanajazana. Kwa hiyo mwanzisha uzi nakuunga mkono. Walichofunga ni ukumbi.

Lakini usiwaone wale wazee wabaya tupu. Serikali ile ile iliyofunga soul ndiyo iliyonunua magitaa. Nendeni mkaulize ni nchi gani nyingine ambapo chama cha wafanyakazi kina bendi, kiwanda cha nguo kina bendi, polisi wana bendi, Jeshi la Kujenga Taifa lina bendi, shirika la maendeleo la jiji lina bendi. NUTA Jazz mpiga tumba alikuwa mfanyakazi, ana mshahara na likizo. 1978 ikaundwa Mlimani Park, baadaye ikachukuliwa na hilo shirika la jiji, DDC, na waimbaji akina Gurumo wakahamia huko, na jiji likagawanyika: wewe ni Msondo, yaani NUTA, au Sikinde, yaani Mlimani? Nyumba moja mume Msondo mke Sikinde. Kumbi zilikuwa za wazi, unalipa kidogo unaingia, karani na mpishi wa hoteli na dereva wa UDA wote wanacheza hewa moja. Mimi Mngindo nilijifunza kukaa na watu wa Kigoma, wa Bukoba na wa Songea palepale kwenye meza za chuma. Hotuba zilinieleza kwamba sisi ni taifa moja, nami nikapiga makofi. Kwenye dansi sikuelezwa kitu, nikajikuta nimeoa Mhaya.

---

Jirani wa Mburahati

😂😂 Babu umetisha. Kuoa Mhaya kwa sababu ya Sikinde.

---

Babu wa Sinza

Msondo, kijana. Usinitukane.

Na kabla sijalala, mtajeni Remmy Ongala. Mzaliwa wa Kindu, Kongo, akaja akawa wetu kuliko sisi wenyewe. Alipotoa Mambo kwa Soksi, redio ilikataa kuupiga kwa sababu ulitaja kondomu waziwazi, na wakati ule UKIMWI ulikuwa unachukua watu huku ndugu wanasema karogwa. Redio ikakataa, lakini bendi yake, Super Matimila, walikuwa na ukumbi. Watu walicheza, walicheka, na wakiwa wanacheka wakawa wametamka neno ambalo nyumbani halitamkiki. Alifariki Desemba 2010. Mpaka leo konda wa daladala anaita "Sinza kwa Remmy" na abiria aliyezaliwa juzi anashuka.

---

Kisauni Kwetu

Salaam kutoka Mombasa. Nawasomea tangu asubuhi, ngoja na sie wa huku tutie neno.

Mwataka mfano wa uwanja kumaliza kazi? 2002. Kwanza kulikuwa na Gidi Gidi Maji Maji na Unbwogable. Wale vijana waliimba mambo yao wenyewe, kwamba hawatishiki, nusu Kijaluo nusu Kiingereza. Wanasiasa wa NARC, muungano wa upinzani, wakauchukua, mikutanoni kukawa hakusemwi jengine. Ule tuuweke kando, kwani ulikuwa na wenyewe na ulirekodiwa.

Lakini kulikuwa na mwingine usio na mwenyewe. Kanisani kuna wimbo wasema yote yawezekana kwa imani. Sijui ni nani wa kwanza, wala hakuna ajuaye, lakini katika mikutano watu wakabadili tamko moja tu: *yote yawezekana bila Moi*. Basi. Hapana studio, hapana santuri, hapana redio. Mimi ni Muislamu, wimbo wa kanisa nilikuwa siujui, niliujulia mkutanoni. Siku Kibaki anaapishwa Uhuru Park, tarehe 30 Disemba, umati ulijaa mpaka juu ya miti, na Mzee Moi mwenyewe yuko pale jukwaani aketi kwa heshima zake, na watu wauimba mbele yake. Miaka 24 mtu huyo picha yake ilikuwa katika kila duka. Mwaka mmoja kabla, ungeimba vile kibandani kwa sauti hiyo ungechukuliwa. Mambo yaliyokuja baadaye twayajua, na wengine tulijuta mapema. Ila saa ile niliiona hofu ikitoka kwa watu, naapa.

---

Mzito Kufikiri

Naona mmepata raha, kila mtu anatoa ushuhuda kama mkutano wa injili. Haya na mimi nina mawili.

Moja, uwanja wa leo ni simu. Machi 2017 msanii Nay wa Mitego alikamatwa Morogoro kwa sababu ya wimbo wake Wapo. Kesho yake yuko nje, Rais Magufuli kasema wimbo upigwe na msanii aongeze wengine wa kuwasema. Ule wimbo haukuhitaji uwanja wowote, ulikimbia kwenye WhatsApp nchi nzima kabla polisi hawajafika.

Mbili, na hili ndilo zito. Mnasema muziki wa hadharani unaleta umoja, unatoa hofu, unalipisha madeni. Mbona mmeiruka Rwanda? Mnamjua Simon Bikindi?

---

Mtunza Kanda

Mzito, leo umeamka vizuri. Nianze na la pili maana la kwanza ni jepesi.

Bikindi ninamjua na nilikuwa najiuliza ni nani atamleta. Mwanamuziki mkubwa, ana kikundi chake cha ngoma, nyimbo zake zilipigwa na redio ya RTLM kabla na wakati wa mauaji ya kimbari ya 1994. Kesi yake ilisikilizwa hapa kwetu Arusha. Desemba 2008 mahakama ikamhukumu miaka 15. Sasa someni amehukumiwa kwa lipi. Nyimbo zake majaji walikubali kwamba zilitumika kuchochea chuki, lakini hakutiwa hatiani kwa ajili yake. Kilichomtia hatiani ni maneno aliyoyatamka mwishoni mwa Juni 1994 kwa kipaza sauti, akiwa kwenye msafara wa magari, barabarani, akiwahimiza watu wamalize kuua Watutsi.

Barabarani, kwa kipaza sauti, mbele ya watu waliokusanyika. Sifurahii mfano huu kuniunga mkono, lakini unaniunga mkono. Watu wale walikuwa wameshazoezwa kumkusanyikia. Miaka mingi ya kumchezea na kumpigia makofi ilikuwa imekwishamjengea masikio, na siku alipobadili alichokuwa akikisema masikio yalikuwa tayari. Mimi popote kwenye uzi huu sijasema uwanja unaleta wema. Nimesema una nguvu. Beni yenyewe ilifilisisha watu na kuvunja ndoa. Kutuza kwa dada Makorora kulimlipisha mwizi, ila nina hakika kuna mwanamke mahali fulani kasutwa kwa noti ishirini kwa kosa ambalo hakulifanya, na hakuwa na rufaa. Uwanja hausikilizi upande wa pili.

Ndiyo maana naona ni upuuzi kujadili mashairi peke yake. Bodi zetu zinakaa na kalamu nyekundu, neno hili chafu, neno hili uchochezi. Wakati swali ni: nani anaitisha watu, wanakutana wapi, na wakikutana kuna anayeweza kumjibu aliyeshika kipaza sauti? Kwa Siti kulikuwa na kujibizana. Kwenye taarab aliyesutwa anasubiri wimbo wake. Kwenye ule msafara hakuna aliyeweza kujibu.

La simu sasa. Wapo ulisambaa, kweli, nami nilitumiwa na watu wanne siku moja. Nikausikiliza nikiwa peke yangu na spika za masikioni, nikacheka, nikamtumia mwingine, nikarudi kwenye kazi zangu. Milioni ngapi tuliusikia? Nani alimwona mwenzake akiusikia? Mtu wa Kisauni hapo juu alimwona jirani yake anaimba jina la Moi na hakuna kilichompata, ndipo naye akaimba. Simu hainionyeshi jirani yangu. Inanionyesha namba: watazamaji laki kadhaa. Namba haikutii moyo siku unapotakiwa kusimama.

---

Mama Wawili

Samahanini, mimi huwa nasoma tu. Leo nimeshindwa.

Kichwa cha uzi kimeandika kigodoro, hizo ngoma za mtaani za kukesha. Mimi naishi mtaa wa vigodoro. Spika zimepangwa mpaka usawa wa bati, barabara imefungwa kwa viti vya plastiki, singeli inaanza saa tatu usiku mpaka alfajiri, mabati ya nyumba yangu yanalia. Nina mtoto wa miezi minne. Watoto wa darasa la tatu wako palepale katikati wanaangalia watu wazima wakicheza yasiyoangalika. Siku nyingine simu zinaibiwa, siku nyingine visu vinatoka. Mkuu wa wilaya akipiga marufuku mimi nashangilia na sioni haya. Nyie mnaoandika kwa utamu hivi mnakaa Mbezi.

---

Mtunza Kanda

Mama Wawili, heshima yako. Sikai Mbezi, ila nakubali sina mtoto mchanga. La kelele sikubishii, na la watoto kuwepo saa nane za usiku sina utetezi wake.

Ila nikuombe uangalie na upande mwingine wa kilekile kinachokunyima usingizi. Singeli imetoka Manzese, Tandale, Mburahati, kwa vijana ambao hakuna redio iliyowataka. Wakachukua kompyuta kuukuu, wakazungusha vipande vya taarab na mchiriku, wakakimbiza mdundo kupita 200 kwa dakika, na hawakuwa na pa kuupeleka isipokuwa kwenye kigodoro. Binti anaolewa, kina mama wamechanga, MC amesimama juu ya kiti. Unampa buku, anakutaja wewe, mama yako, kazi yako na mtaa wako. Muuza chapati anatajwa mbele ya watu mia tatu. Ni wapi pengine jijini hapa ambapo muuza chapati anatajwa jina? Mimi nikimwangalia yule MC namwona yule kuli aliyekuwa jenerali jioni. Leo kampeni za vyama hazikosi singeli, lebo ya Uganda imeshaipeleka Ulaya, na aliyeianza bado anafukuzwa na defenda.

Wafaransa walipotaka watu watoke na magitaa mitaani ilibidi waziri, Jack Lang, aanzishe siku maalumu, tarehe 21 Juni 1982, na sasa inasherehekewa duniani kote, hata Dar. Watu wanaisifia kwa haki. Zanzibar nako Sauti za Busara inafunguliwa kwa msafara wa ngoma na matarumbeta mitaani, wageni wanapiga picha. Kigodoro ni jambo lilelile, ila hakina mfadhili wala bango, na wachezaji wake ni maskini.

Ninachotaka mimi si kila mtaa ulale macho. Weka saa, sita usiku spika zinazima. Watoto waondoke saa tatu, na kina mama wenye shughuli ndio wasimamie, maana wao wanaogopwa kuliko mgambo. Kisha kila kata iwe na kiwanja chake mbali kidogo na nyumba, chenye taa na choo, watu walipie kidogo wafanye shughuli zao kwa amani. Ukipiga marufuku tu, vitahamia mtaa wa pili na mama mwingine mwenye mtoto wa miezi minne ndiye atakayekuja kuandika hapa.

---

Jirani wa Mburahati

Mkuu nimekupa like zote, ila hapo kwenye kiwanja umetupiga. Kiwanja cha kata yetu kilikuwepo, tulicheza mpira, wazee walifanyia harusi, na ngoma za jando nasikia zilichezwa hapo. Sasa hivi kina fremu za maduka pande zote nne na katikati wanaosha magari. Kigodoro kitachezwa wapi kama si barabarani?

---

Mama Wawili

Hata sisi kwetu ni fremu. Kwa hilo niko na wewe.